Simezi Kitu

Miaka arobaini fundi cherehani alikata uzi kwa meno, mkasi ukining'inia shingoni kama pambo. Meno mawili ya mbele, ya chini, yalipomtoka, akawekewa ya bandia ya kuvua na kuvaa, na hayo ndiyo yaliyomuumbua. Anampima bibi harusi gauni, pini mdomoni, meno hayo yakachomoka yakatua kwenye shela! Bibi harusi alicheka mpaka machozi. Fundi naye akacheka, lakini moyoni aibu ilimmaliza. Akaapa: atapata meno ya skrubu, yale yanayopandwa ndani ya mfupa wa taya, au afunge cherehani.

Ndiyo maana siku ile alikuwa kwenye benchi la kliniki. Binti yake alitoka nje kupokea simu, na mlango wa daktari wa meno haukufungwa vizuri.

"Kwa dawa hiyo ya mifupa, mzee wangu, siwezi kukutoboa taya leo," sauti ilisema. "Inaweza kuufanya mfupa usipone. Kwanza niongee na daktari wako."

Mzee akatoka kichwa chini. Fundi akaganda pale pale. Maana yeye mwenyewe, tangu ajikwae kizingitini akavunjika nyonga, akaambiwa mifupa yake imekuwa kama mbao iliyoliwa na mchwa, kila mwaka alichomwa sindano. Ya mifupa hiyo hiyo.

Nesi akaja na fomu. "Mama, kuna dawa yoyote unayomeza?"

Jamani, neno moja tu! Angeuliza "unayotumia", labda fundi angebabaika. Lakini kumeza? Sindano haimezwi.

"Simezi kitu, mwanangu," akajibu bila kupepesa macho. Akajiona mjanja kweli kweli.

Skrubu mbili zikapandwa. Akamwambia daktari, "Siku ukiniwekea meno juu yake, nakuja na uzi wangu, naukata hapa hapa uone." Daktari akacheka.

Wiki ya sita kidonda kilikuwa bado wazi. Fundi akasukutua maji ya chumvi, akamwambia binti yake ni uzee tu, nyama haina haraka. Kisha mteja mmoja, akipimwa kola, akageuza uso pembeni na kubana pumzi. Fundi akaelewa. Akaanza kupima watu mdomo umefumbwa.

Asubuhi moja aliona damu kwenye kitambaa cheupe. Akakagua vidole, vizima. Akajitazama kwenye kioo cha wateja: pini mojawapo ya zile alizobana midomoni ilikuwa imesimama kidevuni mwake, imezama nusu, na hakuwa amehisi chochote. Hapo uoga ukamshika hasa. Akamwita binti yake.

Binti akamulika kwa tochi ya simu. "Mama, kuna kitu cheupe."

"Uzi huo. Utoe."

Binti akashika kibano, akavuta kidogo, akakiacha. "Si uzi, Mama. Ni kigumu."

Kwa daktari, safari hii mlango ulifungwa. Akachungulia, akatazama picha ya taya, akaifungua tena ile fomu ya nesi.

"Mama, tuache habari za kumeza. Kuna sindano yoyote unayochomwa?"

Binti ndiye aliyejibu, kwa fahari kabisa, maana yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka. "Ya mifupa tu, daktari. Mwaka wa nne huu, hajakosa hata moja."

Daktari akaweka kioo chake kidogo cha kutazamia meno mezani taratibu. "Mbona hukuniambia, Mama?"

"Mliniuliza namezaga nini," fundi akasema. Jibu alilolitunza miezi yote ile, akiliona kali, likatoka dogo, la mtoto aliyekamatwa.

Binti akamgeukia. "Mama, ulijua?"

"Utatoa skrubu, mwanangu?" fundi akamuuliza daktari.

"Skrubu, na kipande cha taya kilichokufa."

"Kipande gani?"

Daktari akapitisha kidole juu ya picha, akaanzia kwenye skrubu ya kwanza. Fundi alingoja kisimame kwenye ya pili. Kidole hakikusimama pale, kikazidi kwenda. Mkononi, ndani ya mkoba, fundi alikuwa ameushika ule uzi aliomwahidi daktari kuukata.