Wa Kwanza Kuonja

Kazi yangu mjini Lodwar ni kulewesha panya. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, kisha huuliza kama kuna nafasi nyingine.

Panya wetu wa maabara ni wa nasaba mbili, weusi na wa kahawia, na kila nasaba imezalishwa ndani kwa ndani mpaka damu yao ni moja. Namdunga kila mmoja kipimo kilekile cha pombe, namlaza chali, nasubiri ajigeuze. Wa kahawia hulala fofofo. Weusi hupepesa macho kidogo, wakajigeuza, wakaanza kunusa pembe za kisanduku kana kwamba hakuna lililotokea. Siku nyingine tunawawekea chupa mbili, moja ya maji matupu, nyingine ya maji yenye pombe. Wa kahawia wakishaionja ile ya pili hawairudii. Weusi huimaliza.

Nilikuwa nikiwaonea fahari wale weusi. Walinikumbusha kaka yangu Mamer.

Nyumbani kwetu kambini Kakuma, mama hupika araki, pombe kali ya mvuke, na kuiuza. Yeye ni mtu wa kwaya na hajawahi kuitia mdomoni. Tangu watu fulani wapofuke kwa pombe ya mpishi mwingine, hakuna mteja anayenunua kabla mtu wa nyumba hiyo hajanywa mbele yake. Kwetu kazi hiyo ni ya Mamer. Anakunywa asubuhi hadi jioni, mteja kwa mteja, na hajawahi kuyumba. Mama humsifu kwamba ana kichwa kigumu. Mdogo wetu Wol alijaribu siku moja, nusu kikombe kikamlaza kando ya jiko, na mpaka leo anaitwa Mtoto wa Chai.

Niliposimulia haya kazini nikitaka tucheke, mkuu wetu, Daktari Josiah, hakucheka.

"Anayeanguka mapema, mwili wake umemkataza," alisema. "Kaka yako hana kinachomkataza. Panya si mtu, Ayak, na sikwambii nina uhakika. Lakini angekuwa ndugu yangu, ningemtoa kwenye kazi hiyo."

Jumamosi nilikwenda Kakuma nikiwa na hofu, na hofu hunifanya mkali. Nilimkuta mama akikinga araki inayodondoka, nikamwambia yote kwa Kidinka kabla hata sijakaa.

"Nilimchagua Mamer kwa sababu haimdhuru," alisema.

"Haionekani ikimdhuru, mama. Hilo ni jambo jingine. Leo aonje Wol, yeye mwili wake unajua kumkataza."

Mama hapendi kufundishwa na panya. Lakini alinitazama usoni, akamwambia Mamer apumzike, akamwita Wol.

Mteja wa kwanza alikuwa Thuok, mpakiaji wa malori yanayokwenda mpakani Nadapal, pamoja na wenzake. Wol alikipokea kikombe kama mtoto anayepewa dawa.

"Sista, hii kitu itanimaliza," aliniambia, akanywa.

Na kweli ilimmaliza. Jasho likamtoka, akaketi chini, kisha akalala kabisa. Thuok alisimama.

"Mama Mamer, umeweka nini hapa ndani?"

"Hakuna kitu. Huyu kijana ndio hawezi pombe."

"Mtu anaanguka mbele yangu, unaniambia hawezi?"

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia juu ya ua. Nilielewa nilichokifanya. Habari ikitoka kwamba araki ya mama imemwangusha mwanawe mwenyewe, hakuna atakayenunua tena, na unga wetu wote hutoka humo.

Mamer alitokea nyuma ya nyumba. Siku hiyo hakuwa amegusa tone, kwa ajili yangu.

"Lete kikombe," alisema.

Alinyoosha mkono, na mkono ukawa unatetemeka. Aliusaidia kwa mkono wa pili, na huo nao ulitetemeka. Kikombe kikagongana na chupa mpaka wote tukasikia. Mama alitazama ile mikono ya mwanawe, akamnyang'anya kikombe, akakijaza, akakinywa chote mbele ya Thuok.

Nilimkazia macho kama ninavyowakazia panya. Sijawahi kumwombea mama yangu mabaya, lakini pale niliomba aanguke. Niliomba alale vumbini kando ya Wol, wateja waende zao, na araki iishe kwetu siku hiyohiyo, hata kama tungelala njaa.

Mama hakuyumba. Thuok alimchunguza, akaridhika, akaketi. Mama alijifuta midomo kwa kiganja, akamwangalia Mamer, kisha akaniangalia mimi.

"Kumbe ni kama maji," alisema kwa Kidinka.

Akamjazia Thuok chupa yake. Mkono wake wa pili ulikuwa bado umeshika kile kikombe cha kuonjea.