Taa za Mukunga

Inatangazwa kwa umma, kwa heshima zote na vifijo, kwamba kijiji cha Mukunga hakina haja tena na umeme wa serikali. Mukunga inajitegemea. Paneli ishirini za sola zimepangwa juu ya paa la kanisa. Zilinunuliwa kwa harambee na zikafa mwezi wa tatu.

Umeme unatoka kwa Peris.

Peris ni mfanyakazi wa nyumbani mtaa wa Aziziya, Jeddah. Jambo hili lilijulikana Alhamisi moja asubuhi, akikata bamia huku anaongea kwa simu na mama yake, Beldina. Madam aliingia akamzaba kofi, simu ikaanguka sakafuni.

"Mama, nimepigwa."

"Pole, mwanangu. Huku nako stima imerudi."

Kamati ya umeme ikafuatilia. Kofi moja liliwasha taa za kijiji kizima mpaka watu wakalala. Mpini wa mopu ulizungusha mashine ya kusaga hadi mahindi yakaisha. Siku madam alipomwekea pasi ya moto mgongoni, kwa sababu ya kunyanzi kwenye abaya, pampu ilivuta maji siku tatu bila kupumzika, na akina mama wakapanda sukuma wiki.

Wageni walianza kuja kujifunza. Walipouliza nguvu inatoka wapi, mwenyekiti Josphat alijibu kwamba inatoka kwenye jua kali. Hakusema la wapi.

Septemba madam alikwenda Riyadh kwa dada yake, wiki nzima. Kidonda cha Peris kikaanza kukauka. Mukunga ikawa giza. Josphat akapiga simu.

"Peris dadangu, kuna shida gani huko?"

"Hakuna. Madam mafi. Amesafiri."

"Na bosi mwanamume?"

"Huyo hapigi mtu."

"Ala! Na hapa dispensari ina chanjo kwenye friji. Madam akirudi, si uvunje hata kikombe?"

"Mwenyekiti, kandarasi yangu inaisha Novemba. Nakuja nyumbani."

Josphat alikohoa. "Hiyo tumeijadili. Mkutano umeamua uongeze miaka miwili. Imepita kwa tofauti ya kura moja."

Madam aliporudi, Peris hakuvunja kitu. Alisimama jikoni akasema, "Madam, kandarasi halas Novemba. Naomba pasipoti yangu." Kikombe alikivunja madam mwenyewe, kwenye paji la uso la Peris. Kisha akamburuta kwa nywele mpaka stoo na kumpiga mateke ya mbavu hadi kiatu kikamtoka. Kule Mukunga balbu mbili zilipasuka, na watu wakapiga makofi.

Novemba imepita. Pasipoti iko kwenye droo ya madam, na ufunguo uko shingoni mwake. Beldina amekata waya wa nyumba yake, anapika kwa mwanga wa koroboi. Majirani wanasema anaringa.

Sentensi hii ilipofika hapa taa iling'aa ghafla, na Beldina, aliyekuwa akipita dirishani, akauliza, "Na wewe, mwana wa Josphat, unaandika kwa stima ya nani?"

Msimulizi amefumaniwa, hivyo anakiri. Alikuwa likizo kutoka shule ya bweni. Alihudhuria ule mkutano kwa mzaha, na kura ilipoitishwa aliinua mikono yote miwili ili marafiki zake wacheke.

Walicheka. Mikono ikahesabiwa yote miwili.