Bahasha ya Willis

Mimi siendi kwa daktari mikono mitupu. Mwaka jana nilimpeleka mama yangu kwa daktari wa mifupa bila ile bahasha kubwa ya picha ya eksirei, akanifokea mbele za watu, "Sasa nitaangalia nini, uso wako?" Tangu hapo nikashika adabu. Picha kwanza, daktari baadaye.

Kwa hiyo mume wangu Willis alipopigwa picha ya mkono, tulikaa kwenye benchi la hospitali, mlangoni pa chumba cha picha, kungoja bahasha. Kreti za soda zilikuwa zimemwangukia akipakua lori kule Malaba. Mkono huo ndio unatulisha, na daktari wa mifupa huja hapa Busia Jumanne tu. Asipounyoosha leo, mfupa utaanza kushika ukiwa umepinda.

Levis, mpiga picha, akachungulia. "Mama, nyinyi mmemaliza. Picha imeenda kwa daktari."

"Imeenda na nani?"

"Imeenda tu. Siku hizi ni system, hatuchelewi. Next!"

Mlango ukafungwa. Nikachanganyikiwa kabisa. Picha imetokaje na mimi nimekodoa macho hapa mlangoni? Hakuna aliyepita na bahasha.

"Labda kuna mlango wa nyuma," Willis akasema.

"Wataileta," akasema mama mmoja kwenye benchi. "Si lazima muende nayo nyumbani?"

Hapo nikaona mwanga. Picha ya mama yangu iko nyumbani Mundika mpaka leo, nyuma ya kabati, na kila mgeni lazima aishike dirishani auone ule mfupa. Nani atanyang'anywa picha ya mwili wake? Tukatulia.

Benchi likaisha watu. Mwanamume mwenye begi begani akatokea, akasimama kwa askari wa mlangoni.

"Mzee, mimi naenda. Kuna mgonjwa wa mkono nimemuita mpaka nimechoka. Picha yake iko kwa computer yangu, lakini mwenyewe hayuko."

Nikavuta miguu apite. Nikasikitika kweli, watu wengine wanachezea afya yao.

Levis akatoka na funguo, akashtuka kutuona. "Bado mko hapa? Daktari hajawaona?"

"Daktari gani? Tunangoja bahasha."

"Bahasha ziliisha zamani, mama, siku hizi picha inatumwa kwa computer! Mngeenda tu chumbani kwake kule nyuma." Akatazama getini. Gari lilikuwa linatoka.

Nilikimbia, nikapiga kelele, nikapunga kitenge. Gari halikusimama.

Nikarudi nikitweta. Willis alikuwa bado kwenye benchi, amekumbatia mkono wake.

"Akumu," akasema, "sasa tunangoja nini?"