Mboga Hazingoji

Lawrence Gathogo alifunga sukuma wiki za watu wa Minnesota, Amerika, kwa miaka ishirini na sita, na mkono ukishazoea kazi hauulizi tena uko nchi gani. Ndiyo maana Ijumaa hiyo asubuhi, dukani kwa Poonam karibu na stesheni ya Barking, London, alisimama mbele ya kreti za mboga akaanza kufungua mafungu ya wenyewe. Akatoa majani ya manjano, akalinganisha mashina, akafunga upya na mipira ile ile ya buluu. Mteja mmoja akajipanga nyuma yake akisubiri kuhudumiwa.

"Mzee, mshahara tutaongea mwisho wa mwezi," Poonam akamtania. Alizaliwa Kisumu huyu mama, na Kiswahili chake bado hakijashika kutu.

Lawrence hakucheka. Si kwamba alikasirika. Tangu mkewe Wambui afariki Septemba ya mwaka jana, kila kitu kilikuwa kinamfikia kikiwa kimechoka njiani: utani, chumvi, hata baridi. Binti yake Marion, ambaye ni nesi na ndiye aliyemleta London, alimuuliza mara tatu kama ana huzuni, naye mara tatu akajibu ni mgongo. Wanaume, jamani. Mmoja anaweza kukatwa kichwa akwambie ni homa tu, itapita.

Alinunua mafungu kumi na mawili, akapanda basi hadi kwa Marion. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa ibada ya mwaka mmoja wa Wambui, na akina mama wa kanisa walikuwa wamegawana mapishi. Familia ya marehemu ilipangiwa sukuma. Shamba la Minnesota lilishauzwa, na trekta, na vitalu vya nailoni, na meza za soko. Kilichobaki cha maisha yale ni mzee huyu na kisu chake cha kuvunia, alichokisafirisha ndani ya sanduku akiwa amekivisha soksi.

Marion alikuwa mezani jikoni, karatasi mbele yake. "Baba, nimemaliza wasifu wa Mama. Utausoma wewe kesho, si ndiyo? Hebu sikiliza kama uko sawa."

Akasoma. Kuzaliwa Kinangop, shule, ndoa, safari ya Amerika, shamba, soko la kila Jumamosi ambapo hata Wazungu wasiojua kula mboga walinunua kwa sababu Wambui amewachekea. Halafu mwisho: "Asubuhi ile alijisikia vibaya kidogo, akajilaza. Mumewe alikuwa kando yake hadi dakika ya mwisho."

Lawrence alikuwa na mikono ndani ya beseni, anaosha majani. Aliendelea kuosha.

Maneno yale yalitoka kwake mwenyewe. Mwaka mmoja nyuma, Marion alimpigia simu akilia, akamuuliza, "Ulikuwa naye?", na ulimi ukajibu ndiyo kabla kichwa hakijafika. Neno moja tu. Likasafiri hadi kwa mchungaji, hadi kwa ndugu wa Kinangop, hadi kwa kila aliyemshika mkono akamwambia heri wewe ulikuwepo. Uongo ni kama magugu, haukuombi maji. Na sasa kesho alitakiwa asimame kanisani, picha ya Wambui ikiwa imemwelekea, ausome kwa sauti. Akinyamaza, yatapita. Akisema, huenda akampoteza na huyu mmoja aliyebaki.

"Toa hiyo ya mwisho," akasema.

"Ipi?"

"Ya kando yake. Sikuwepo. Nilikuwa sokoni."

Marion akaweka kalamu chini.

Lawrence akaeleza kwa sauti ambayo angeelezea nafasi ya kuacha kati ya miche. Wambui aliamka akisema kifua kinambana. Akasema, leo usiende. Lakini mboga zilikuwa zimeshavunwa na gari limeshapakiwa, naye akamjibu vile walivyozoea kujibizana miaka yote: mboga hazingoji. Wambui mwenyewe ndiye aliyeuanzisha msemo huo. Hakubishana. Alisimama mlangoni akashika kitasa mpaka gari likatoka.

"Ziliisha saa ngapi?" Marion akauliza. Likizo zake alikuwa akizimalizia kwenye soko lile. Alijua kutoka pale hadi nyumbani ni dakika arobaini.

"Saa nne."

"Ukafika nyumbani saa ngapi?"

"Saa nane."

Nesi hahitaji vidole kuhesabu saa. Alimtazama babake, na babake akatazama beseni.

"Ziliisha mapema, nikafurahi," Lawrence akasema. "Nikakaa na wakulima wenzangu, tukanywa kahawa na yale mandazi yao yenye tundu. Mmoja akasimulia vile mbuzi wake aliingia harusini. Nilicheka, Marion. Nilicheka mpaka nikashika meza."

"Halafu?" Marion akauliza.

"Nilipofika, chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa. Githeri. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Nikadhani amelala, nikasema nisimwamshe." Akachukua fungu jingine, akavua mpira. "Nikala kwanza. Nikamaliza. Nikaosha na sahani. Ndipo nikaingia."

Kisha akasubiri atukanwe. Alitaka hivyo, kwa kweli. Tusi lingekuwa kitu cha kushika. Marion akavuta karatasi, akaukata mstari ule, akaukata tena mara ya pili, kalamu ikatoboa. Akaisukuma karatasi upande wa babake.

"Andika wewe."

Lawrence akajipangusa mikono kwenye suruali. Aliandika kwa herufi kubwa, kama alivyozoea kuandika vibao vya soko ili aliye ndani ya gari asome bila kusimama: SIKU HIYO NILIKUWA SOKONI. Mwandiko ulinyooka. Hakuhisi chochote, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Marion akausoma. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuhangaika kuyafuta. "Andika pia kwamba alikuwekea chakula," akasema.

Mzee akarudisha kalamu kwenye karatasi. Akaandika ALINI, na mkono, ule mkono usiouliza, ukagoma. Akajaribu tena, akaushika kwa mkono wa pili. Sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake.

Marion hakumsaidia kuandika. Alivuta kiti karibu naye, akaketi, akangoja amalize.