Kikopo cha Isaac

Alistidia hakuwahi kufikiri kwamba mwanamke anaweza kuona wivu kwa sababu ya kinyesi. Lakini tangu mtafiti Nuriat aje Buganguzi kutoka maabara ya Bukoba, mumewe Mujuni, bwana mifugo wa kata, alikuwa akirudi nyumbani ananuka mavi ya ng'ombe na uso umemng'aa kama aliyetoka harusini.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kutafuta bakteria wanaosababisha watu na mifugo kuharisha. Nuriat alikusanya choo cha watoto na cha ng'ombe wa nyumba zile zile, akakiweka kwenye vikopo ndani ya kisanduku cha barafu. Mujuni alimshikia ng'ombe mkia. Siku walipofika kwake, Alistidia aliwatazama kutoka jikoni. Ndama alimrushia Nuriat teke, Nuriat akapepesuka, Mujuni akamdaka mkono. Wakacheka wote wawili.

"Mama Isaac," Nuriat alimwita kwa adabu, "tunaomba na choo cha mtoto."

"Choo cha mwanangu hakiingii kwenye friji ya mtu," alijibu, akarudi kumenya ndizi.

Usiku ule Mujuni alimuuliza kwa nini alimwaibisha. Alistidia akamwambia akamuulize huyo anayecheka naye.

Wiki iliyofuata Isaac, mtoto wao wa miaka miwili, akaanza kuharisha. Zahanati walimpa chumvichumvi za kunywa, lakini tumbo halikufunga, na choo kikaja na damu. Mtoto alilegea, macho yakaingia ndani. Asubuhi moja Mujuni alitoka mapema kwenda Bukoba, hakusema anabeba nini.

Siku mbili baadaye, Mujuni akiwa shambani, simu yake ililia mezani. Kioo kiliandika *Nuriat Maabara*. Alistidia akaipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Unamtakia nini mume wangu?"

"Shikamoo, Mama Isaac. Majibu ya mtoto yametoka."

"Majibu gani? Mimi sikutoa kitu."

"Bwana Mujuni alileta kikopo. Tumekuta bakteria, na kwa ndama wenu tumekuta wa aina hiyo hiyo. Naomba mumpeleke hospitali leo, mumweleze daktari..."

Alistidia akakata simu.

Alikaa kitandani. Kwa hiyo walikuwa wamepanga! Mumewe alichukua kilichomtoka mtoto wake mwenyewe, akampelekea yule mwanamke kwa siri, kama mtu anayepeleka zawadi. Laiti angekuwa amechukua senene wa kukaanga au kahawa, isingemuuma hivyo. Alitamani hata majibu yawe ya uongo, ili Nuriat aonekane hajui kitu.

Isaac akalia. Hakikuwa kilio, kilikuwa kama sauti ya paka mdogo. Alistidia alimgusa ulimi, akaukuta mkavu. Akaichukua simu, akapiga.

"Rudia," alisema. "Nimweleze nini daktari?"

Nuriat alirudia taratibu jina la bakteria, herufi kwa herufi, naye akaliandika kwa mkaa ukutani kwa kukosa kalamu. Kisha akamwita mumewe kwa sauti kutoka ukingoni mwa kibanja, shamba lao la migomba. Walikwenda hospitali Muleba kwa pikipiki, mtoto katikati, Alistidia akilikariri lile jina njiani. Daktari alimtundikia dripu, akaanzisha dawa nyingine. Kufikia Jumapili Isaac alikuwa anaomba uji.

"Ulinificha," Alistidia alimwambia Mujuni wodini.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Lakini ungeniambia."

Mujuni akainamisha kichwa, akaomba radhi.

Nuriat alirudi Buganguzi kuchukua kikopo cha pili. Alieleza kwamba bado hawajui nani alimwambukiza mwenzake, mtoto au ndama, lakini ndama asilale tena jikoni, maziwa yachemshwe, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kukamua. Alistidia alisikiliza bila kumkatiza. Alimletea kikopo mwenyewe, amekifunga vizuri.

"Asante, dada," alisema. Neno lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka.

Mujuni alipokwenda kumshika ndama mkia, Alistidia alijifunga kanga kiunoni.

"Wewe kaa," alimwambia. "Leo mkia nashika mimi."