Treni ya Shaba ya Mzee Stesheni

Mtaani walimwita Stesheni, naye akiitika, ingawa stesheni yenyewe ilikuwa imefungwa mwaka wa sita sasa na wezi walishang'oa hadi milango. Barua ya kuifunga ililetwa na treni ya mwisho. Aliipokea kwa mkono wake, akaisaini, akampungia dereva bendera ya kijani kama kawaida, akafunga ofisi na kurudi nyumbani kwa miguu. Miaka thelathini na mmoja ya kazi ikaisha hivyo, bila hata soda ya kuagana. Wenye midomo yao walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Labda ni kweli, lakini hivi kuna ulazima gani wa kumwimbia mtu wimbo huo kila akipita kwenda kununua mkate?

Aliyemletea mchezo ni binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta mji wa mbali. Alikuja likizo ya siku nne, na siku ya kuondoka akaacha kompyuta yake ya zamani juu ya meza ya kulia.

"Huu ni mchezo wa kujenga viwanda, Baba. Unachimba madini, unayeyusha, unatengeneza mashine za kutengenezea mashine nyingine. Mimi na wenzangu watatu tuna dunia yetu humu ndani. Kinachotusumbua ni shaba. Iko mbali kama nini, na hakuna mwenye moyo wa kuisafirisha."

"Kuna reli?"

"Zipo, ila mpaka uzitandike mwenyewe, kipande kwa kipande."

Mzee akavuta kiti, na tangu hapo mezani pale hapakuliwa chakula tena. Mkewe alikula na sahani magotini, akisema kwa sauti ya kusikika hadi jirani, "Treni za chuma zimemkimbia, sasa anazifukuza kwenye kioo. Utu uzima dawa, lakini wangu mimi naona dozi imezidi!"

Alicheka nani? Mzee hakucheka. Alikuwa na kazi. Kwanza alitembea kutoka kiwandani hadi mgodini, yaani yule mtu wake mdogo wa ndani ya kioo alitembea, dakika ishirini na mbili kwa saa ya ukutani. Njiani kulikuwa na ziwa, genge moja baya la mwamba na msitu mnene. Binti na wenzake walikuwa wamejaribu kuleta shaba kwa mikanda, ile inayobeba mawe yenyewe, na mikanda ikawaishia kabla ya nusu ya njia. Mzee aliyapima yote kwenye daftari la mistari. Ziwa alilizunguka, kwa sababu daraja refu lingemaliza chuma. Kwenye genge alikata kona pana, maana treni yenye mzigo haipendi kuvunjwa shingo. Katikati ya safari akaweka njia ya pili ya kupishana.

"Ya kupishana na nani, Baba? Treni si ni moja tu?"

"Na ya kesho."

Binti alicheka simuni mpaka akakohoa. Na hapo ndipo ulipo utamu wa habari yote, tusifichane. Zamani alikuwa akipiga simu dakika mbili: hamjambo, dawa mnakunywa, haya nisalimie mama. Sasa kila Jumamosi saa kumi jioni walikaa saa nzima, baba huku na mwana kule, wakibishana kuhusu mteremko na urefu wa jukwaa. Shaba ilikuwa kisingizio. Mzee angesafirisha hata kokoto, ilimradi saa ile isikatike.

Kitu kimoja tu alikisisitiza, tena kwa ukali. Reli ikiwa moja, treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele itamke "njia wazi". Na anayetamka hatamki kutoka kitandani: anasimama, anatoka nje, anaitazama reli kwa macho yake, ndipo anasema. Treni ikifika, aliyeipokea anatazama taa ya mkia kwenye behewa la mwisho, ajue hakuna kilichobaki njiani, halafu ndipo anajibu "imefika kamili". Maneno mawili hayo hayaulizwi mara ya pili. Kumuuliza mwenzako "una hakika?" ni kumwita mwongo.

Binti aliyajua hayo tangu utotoni, pamoja na sababu yake. Mkuu wa stesheni ya jirani, rafiki wa baba yake wa kufa na kuzikana, siku moja alitoa njia wazi huku anakula, bila kuinuka kitini. Kulikuwa na mafundi wawili wa reli kwenye toroli nyuma ya kona, na treni ikawakuta hapo. Mzee alisimama mbele ya tume ya uchunguzi akasema yote aliyoyajua, rafiki akafukuzwa kazi, na tangu siku ile mzee hakumpa hata salamu. Miaka kumi na tisa! Wakikutana kwa kinyozi, mzee aliondoka na nywele nusu. Mwaka jana yule bwana alifariki, na mke wa mzee alikwenda mazikoni peke yake. Ndiko kufa na kuzikana kwenyewe.

Wiki ya sita reli ikakamilika. Siku kumi za mwisho mzee alikuwa mgodini, anapanga mashine za kupakia na kujaza mabehewa manane. Kiwandani hakutia mguu. Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa shati lake jeupe la kazi. Mkewe alimtazama juu hadi chini. Alikwenda kuchukua miwani yake akakaa karibu naye.

Saa kumi kamili simu ikawekwa mezani, sauti juu. Nyuma ya binti kulisikika vicheko na vyombo.

"Mgodini hapa," mzee akasema. "Treni namba moja, mabehewa manane, shaba. Naomba njia."

"Njia wazi, Baba. Njoo."

"Nipe rasmi, mama." Alimwita mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee.

"Haya, haya. Kiwandani hapa. Njia wazi. Nakusubiri jukwaani! Ngoja nikate, nitakupigia."

Treni ikaondoka. Kwenye genge ilipunguza mwendo, ikaipinda ile kona pana polepole, behewa moja moja, na mke wa mzee akamshika mumewe bega. "Manane yote! Haya yote umeyafanya wewe?" Mzee akapangusa macho kwa mkono wa shati. Macho yalikuwa yamejaa, na alihitaji kuona reli.

Baada ya msitu kuna kona moja ya mwisho, kisha jukwaa. Treni ikamaliza kona ikasimama yenyewe, kwa sababu reli ilikuwa imekatika. Vipande vya mwisho vilikuwa vimeng'olewa. Jukwaa halikuwepo, wala tanuri, wala kiwanda. Ilibaki ardhi tupu yenye alama za mraba, kama sakafu ya nyumba iliyohamwa, na kibao kimoja ambacho wale wenzake binti walikuwa wameachiana wenyewe kwa wenyewe: *Tumehama tangu Jumatano. Huku shaba iko mlangoni.*

Pembeni mwa kioo kuna orodha ya waliomo duniani wakati huo. Mzee alikuwa hajawahi kuitazama. Ungeitazama ya nini, na umeshapewa njia? Sasa aliitazama. Lilikuwemo jina moja tu, *Stesheni*.

"Mbona hakuna watu?" mkewe akauliza.

"Hayumo." "Hakuwemo kabisa. Amenipa njia bila kuangalia."

"Baba wee, ni mchezo tu huo."

"Njia wazi si mchezo! Mwanangu mwenyewe! Anajua, anajua vizuri, nimemwambia tangu hajaota meno ya pili!"

Alikuwa amesimama. Mkewe hakusimama. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, bila haraka.

"Basi mwambie," akasema. "Mwambie kama ulivyomwambia mwenzio. Halafu msisalimiane miaka kumi na tisa. Safari hii sijui nani atakuwakilisha mazikoni, maana miguu yangu imechoka."

Simu ikalia mezani. Mzee aliiangalia ikilia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyonyoosha mkono. Kwenye kioo taa ndogo nyekundu ya behewa la mwisho iliendelea kuwaka nyuma kule, karibu na miti.

"Baba! Samahani, huku kelele. Vipi, treni imefika?"

Mke wake alikuwa akimtazama.

"Imefika," akasema. "Imefika kamili."

"Si nilikwambia!" Binti akacheka, cheko lake lile lile la kukohoa. "Si nilikwambia njia wazi?"

"Uliniambia, mama," mzee akasema, na akakaa. "Uliniambia."