Koki Mbili za Kila Asubuhi

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, tena mpumbavu aliyenyoa ndevu na kuvaa shati safi, maana nilitarajia kusifiwa.

Nilikuwa nasubiri fundi wa boila, ile mashine ya gesi inayochemsha maji na kuyazungusha kwenye redieta, mabati ya ukutani yanayopasha nyumba joto. Akaja Gaynor, mama mmoja mwenye mabega ya mcheza raga, sanduku la vifaa mkononi. Nilimfungulia kabati la jikoni kwa mbwembwe. Chini ya boila yameshuka mabomba matano ya shaba, na kila moja nilikuwa nimelifunga kikaratasi chenye jina.

"Hili la gesi," nikamwambia. "Hili linaingiza maji baridi. Hili linapeleka ya moto bafuni. Haya mawili ya redieta, moja linapeleka, jingine linarudisha. Kiwanda cha karatasi kilinila vidole viwili, binti, lakini hivi vinane vilivyobaki vinatosha kuhesabu mabomba matano."

"Fundi," akasema. "Binti yuko kwa baba yake."

"Haya, fundi."

Nilikuwa na sababu ya kujifunza yote hayo. Dada yangu Enid ana miaka themanini na moja na mapafu mabovu. Alipotoka hospitali mwezi wa kumi na moja, daktari alisema wazi: nyumba iwe na joto na iwe kavu, la sivyo Enid aende makao ya wazee. Nikaapa haendi popote. Ngazi zilimshinda, basi nikamshushia kitanda sebuleni na kukisogeza karibu na redieta.

Boila ikaanza visa. Kila nikiamka, mshale wa kipimo cha presha ya maji umeshuka hadi sifuri na nyumba imepoa. Jirani akanionyesha kibomba cha kujazia, chenye koki huku na huku. Unafungua zote mbili, maji yanaingia, mshale unapanda hadi moja na nusu, unafunga, boila inawaka. Nilifanya hivyo kila asubuhi kabla hata ya kuteleka chai. Wiki saba, sikukosa hata Krismasi.

Nilimsimulia Gaynor hayo huku nimetunisha kifua. Akaacha kufungua sanduku lake.

"Hayo maji unayoongeza yanakwenda wapi?"

"Kwenye redieta."

"Redieta ulizijaza jana. Na juzi. Maji yake yanazunguka na kurudi palepale, mzee. Redieta hazinywi."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Akapita chumba kwa chumba, anapapasa mabomba, anapiga magoti, ananusa. Tulipofika sebuleni Enid alikuwa anakohoa kile kikohozi chake kirefu, kinachomwacha midomo ya bluu.

"Chini ya kitanda pamelowa," Enid akamwambia Gaynor alipopata pumzi. "Nasema kila siku. Nasikia unyevu hadi kwenye mto."

"Na mimi kila siku namwambia tufuge bata," nikadakia. "Usimsikilize, fundi. Juzi alisema paka wa jirani anamsengenya."

Gaynor hakucheka. Alitusaidia kumhamishia Enid kwenye kiti, akasukuma kitanda, akakunja zulia. Mbao za sakafu zilikuwa nyeusi. Alitia bisibisi kwenye ubao mmoja, ukameguka kama keki iliyolowekwa kwenye chai. Akamulika tochi. Chini kabisa, kwenye kiwiko cha bomba la shaba, kiungio kilikuwa kimeachia, na uzi mwembamba wa maji ulikuwa unaruka bila kelele. Boriti zilikuwa zimeota ukungu mweupe, mrefu kama manyoya. Harufu iliyopanda ilinifanya nizibe pua. Dada yangu alikuwa ameilalia kwa wiki saba.

"Alikuwa anavuta ukungu huu," Gaynor akasema polepole. "Na kila ulipojaza, ulikuwa unaunywesha."

Akaizima boila, akafunga koki zote mbili na kuzikaza kwa spana. Saa sita daktari, aliyeitwa na Gaynor kwa simu, alikuja, akamsikiliza Enid mgongoni kwa muda mrefu, kisha akaenda kupiga simu uani. Aliporudi alisema makao ya wazee yana kitanda, gari litafika saa tisa.

Nilibisha kama mwendawazimu. Nilisema sakafu itajengwa upya, nitambeba mgongoni hadi juu, alale chumbani kwangu nami nilale jikoni. Daktari akamtazama Enid. Enid alikuwa anahangaika na vifungo vya koti lake, na nilipotaka kumsaidia akausogeza mkono wangu.

"Dada, huko ni kwa watu baki!" nikapiga kelele. "Hakuna hata mmoja anayekujua!"

"Ndiyo, Wilf, hawanijui," akasema, akavuta pumzi. "Nikiwaambia pamelowa, watakuja kupapasa sakafu."